Mwezi Aliofunga Mwanangu na Kucheza Besiboli

Kwetu Muheza, Machi na Aprili ni masika. Mvua inaanza alfajiri, njia ya shambani inakuwa utelezi mtupu, na anayetaka kujua kama jua limezama anasikiliza adhana, maana mawingu hayamwonyeshi kitu. Hapa Columbus, Ohio, miezi hiyohiyo ndiyo theluji ya mwisho inayeyuka, nyasi zinarudi kijani, na watoto wa mtaa wanatoka ndani wamevaa glavu kubwa za ngozi mkono mmoja. Msimu wa besiboli umeingia. Mwaka 2023 msimu huo uliingia pamoja na Ramadhani na Pasaka. Ramadhani tuliianza Alhamisi tarehe 23 Machi, Pasaka ikawa tarehe 9 Aprili, Idi Ijumaa tarehe 21, na mechi ya kwanza kesho yake Jumamosi. Nyumbani nilikuwa na mtoto wa miaka kumi aliyevitaka vyote.

Nausimulia mwezi ule kwa sababu nilikosea, na mtoto ndiye aliyebeba uzito wa kosa langu.

Kwanza niseme sisi ni watu gani. Sisi ni Wabondei, na Mbondei anajua kwamba ukoo mmoja unaweza kuwa na mashehe na mapadri wakakaa mkeka mmoja msibani. Wamisheni wa Kiingereza walifika Magila karne ya 19, na Uislamu ulikuwa unapanda kutoka pwani, basi kila nyumba ikagawanyika kwa namna yake bila kuvunjika. Mama yangu ni Mwislamu. Dada yake, mama mkubwa, aliolewa kwa Waanglikana akabatizwa. Binti yake, ambaye kwangu ni dada, naye yuko hapa Columbus, dakika ishirini kwa gari kutoka kwangu. Watoto wangu wanamwita mama mkubwa, wake wananiita mama mdogo. Idi yangu ni yake na Pasaka yake ni yangu, hatujawahi kulijadili jambo hilo, ndivyo tulivyokuta.

Baba watoto anaendesha lori la masafa marefu. Anaondoka Jumapili, anarudi Ijumaa, wiki nyingine harudi. Kwa hiyo habari za viwanja, jezi na mazoezi zilinifika mimi.

Mtoto aliletwa kwenye mchezo na rafiki yake wa darasa la tatu. Alirudi na karatasi ya kujiandikisha, akaiweka juu ya meza bila kusema neno, akawa anapita pale kila baada ya dakika mbili kuangalia kama nimeisoma. Nilijua soka, nilijua netiboli, lakini mchezo huu niliuona kwenye televisheni tu, wanaume wamesimama wakitafuna kitu na kutema mate. Nililipa. Glavu niliipata dukani kwa mitumba kwa dola 12, imeshalainika kwa mkono wa mtoto mwingine. Baadaye niliambiwa kwamba glavu iliyolainika ni bora kuliko mpya.

Mtu akikuelezea besiboli kwa maneno utachoka kabla hajamaliza. Mimi niliielewa siku nilipoikumbuka rede. Wanawake wengi waliokulia Tanzania wanaijua: wawili wanasimama huku na huku, wanarushiana mpira wa soksi au wa malailoni, na wewe uko katikati unaukwepa huku unajaza mchanga kwenye chupa. Ukilengwa umetoka. Ukijaza chupa bila kulengwa, umeokoa wenzako. Besiboli nayo ni mchezo wa kulengana, ila wa katikati kapewa gongo. Mmoja anarusha, mmoja anajaribu kuupiga, akiupiga anakimbia kuzunguka vituo vinne hadi arudi alipoanzia. Kwa watoto, kutoka kituo hadi kituo ni mita 18 hivi. Upande mmoja wakitoka watatu, mnabadilishana. Mnakwenda hivyo zamu sita. Mpira wenyewe ni ukubwa wa chungwa, umeshonwa kwa uzi mwekundu, mgumu kama chungwa bichi, na ndiyo maana wanavaa helmeti.

Nilikuwa mrushaji wa rede anayeogopwa uwanjani kwetu shuleni. Mara ya kwanza mtoto aliponiomba nimrushie, pale kwenye maegesho ya magari nyuma ya nyumba, nilivua ndala, nikakunja baibui, nikarusha. Ule mpira ulipiga glavu yake ukatoa mlio. Aliniangalia kama ananiona upya. Tangu siku hiyo, kila jioni isiyo na mvua, tulirushiana mpaka mwanga uishe.

Kuna kitu kingine nilikiona mapema ambacho kilinigusa sana, na nitakirudia. Pembeni ya benchi anakaa mzazi mmoja ameshika kidude cha kubofya kwa kidole gumba, mfano wa zile tasbihi za kisasa za kubofya. Kila mrushaji akirusha, yeye anabofya. Nilidhani anahesabu magoli. Kocha akanieleza kwamba anahesabu mkono wa mtoto. Sheria ya Little League, shirika la besiboli ya watoto lililoanzia mjini Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939, inasema mtoto wa miaka 9 au 10 hawezi kurusha zaidi ya mara 75 kwa siku. Akifika 66 lazima apumzike siku nne kamili ndipo arushe tena. Asiyezidi 20 hahitaji mapumziko. Haijalishi mtoto anasema hajachoka, haijalishi baba yake anapiga kelele kwamba mechi inapotea. Bega na kiwiko cha mtoto bado vinakua, na mtoto mwenyewe hawezi kujua ni lini vimeanza kuumia, basi watu wazima wakakaa wakaweka kipimo. Nilikipenda kile kidude kuliko mchezo wenyewe.

Ramadhani ilipoingia mtoto alisema atafunga. Mwaka uliotangulia alifunga nusu siku nusu siku, siku chache. Safari hii alitaka zote, mpaka Magharibi.

Saumu haimlazimu mtoto mpaka abaleghe. Tunamzoesha kidogo kidogo, kwa kadiri ya uwezo wake. Hilo nalijua tangu madrasa, na ningemweleza mtu yeyote aliyeniuliza. Lakini mtoto wako anapokuambia, ughaibuni, katika nchi ambayo shuleni kwao wenzake wanakula saa tano na nusu mchana naye amekaa maktaba, kwamba anataka kufunga, moyo unajaa. Nilimpigia simu mama siku ya pili tu.

“Mjukuu wako kafunga jana na leo,” nikamwambia.

“Mashallah! Nipe nimsikie.”

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanaume wangu. Umefunga?”

“Ndiyo bibi.”

“Mpaka jua litue?”

“Ndiyo.”

Nikamsikia mama akiwatangazia watu waliokuwa barazani. Nami nikaandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, nikaweka na picha yake mezani, mbele ya tambi na kaimati, tende mkononi, akingoja adhana ya simu. Zikaja dua na maua kutoka Muheza, Tanga, Dar, Muskat. Niseme ukweli, nilikuwa najisifu. Miaka yote niliyokaa huku nimekuwa na hofu moja isiyosemeka, kwamba nitazeeka na watoto nisioweza kuwapeleka nyumbani bila aibu. Ile picha ilikuwa jibu langu kwa watu ambao hawakuwa wameniuliza.

Hakuna aliyeuliza mchana wa huku una urefu gani. Muheza jua halina maajabu: Magharibi ni saa kumi na mbili na nusu jioni, ongeza au punguza dakika chache mwaka mzima. Columbus, Ramadhani ile ilianza na Magharibi ya saa 1:46 usiku, na kila siku ikasogea dakika moja mbele, huku alfajiri nayo ikirudi nyuma. Mwisho wa mwezi tulikuwa tunafuturu saa mbili na robo usiku. Siku ya kwanza na ya mwisho zilipishana karibu saa moja na nusu. Mazoezi yalikuwa Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni hadi saa moja na nusu, yaani saa zilezile ambazo mfungaji hana kitu tena mwilini.

Kocha sikumwambia. Niliogopa atasema mtoto akae benchi mwezi mzima. Niliogopa pia maswali, na ule uso wa huruma ambao watu huku huuvaa ukitaja kufunga, kana kwamba umewaambia una njaa nyumbani. Nikamwambia mtoto, “Ukiona umechoka, kaa.” Nikadhani nimeshamlinda.

Alhamisi tarehe 6 Aprili, mfungo 15. Nilikuwa kwenye gari nimewasha hita, maana upepo ulikuwa unakata, futari imefungwa kwenye taulo kiti cha nyuma. Niliona watoto wamekusanyika pale anaposimama mpigaji. Nikashuka. Mwanangu alikuwa amekaa chini, helmeti bado kichwani, midomo imekuwa ya kijivu, kocha amepiga goti mbele yake na chupa ya maji imefunguliwa. Mtoto amefumba mdomo anatikisa kichwa. Nilipofika karibu nikamsikia akisema imebaki nusu saa tu.

Nilichukua ile chupa nikampa mwenyewe. “Kunywa,” nikasema. Akaniangalia. “Kunywa, baba. Mungu anajua.” Akanywa, na machozi yakawa yanamtoka anapokunywa.

Kocha ni mtu mzima, fundi bomba, ana mikono mipana na hasemi sana. Hakunifokea. Alisubiri mtoto apande garini, akaniuliza ni siku ngapi amekuwa akifunga na kufanya mazoezi. Nikamwambia. Akanyamaza, kisha akasema kwamba yeye kila wiki anahesabu mipira ya kila mtoto na kuandika daftarini, na wiki mbili hizi amekuwa akimkimbiza mwanangu sawa na wenzake waliokula saa kumi. Alikuwa amejilaumu yeye. Hapo ndipo niliposhindwa kumtazama.

Usiku ule, baada ya kula na kuoga, nilikaa pembeni ya kitanda chake. Nilimuuliza kwa nini hakukaa alipoona kizunguzungu kimeanza, wakati nilimwambia akae.

“Kwa sababu ulishamwambia bibi,” akasema.

Sikupata la kujibu. Alikuwa hafungi kwa ajili ya thawabu wakati ule, wala hakuwa anafanya kwa ajili ya timu. Alikuwa anailinda ile picha niliyoiweka kwenye kundi la ukoo. Mimi mwenyewe nikiwa na umri wake nilikuwa nachomoa kipande cha muhogo jikoni kwa mama adhuhuri ya Ramadhani, nakila nyuma ya banda la kuku, nafuta mdomo kwa upindo wa kanga, jioni nakaa na wafungaji. Siri hiyo nilikuwa sijamwambia mtu. Na mwanangu, mkweli kuliko nilivyokuwa, hakuwa na banda la kuku la kwenda kujificha.

Tulipanga upya usiku uleule, na hapo nilikumbuka kidude cha kubofya. Nilimuuliza mrushaji akifikisha 75 anafanya nini. Akasema anampa kocha mpira. Anaona aibu? Akafikiri. Hapana, akasema, wote wanampigia makofi, hata timu ya pili. Nikamwambia basi na wewe una namba yako. Siku za mazoezi utafunga mpaka adhuhuri. Siku zisizo na mazoezi, ukiweza, mpaka Magharibi. Na namba hiyo tunaiweka mimi na baba yako, si wewe, kwa hiyo si kosa lako ikifika. Alilala haraka sana. Nadhani alikuwa amengoja mtu amwambie hivyo kwa siku nyingi.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu. Nilimpigia dada, nikamweleza yote huku nalia. Dada ana miaka minane juu yangu na hana maneno mengi.

“Mdogo wangu,” akasema, “mama Kwaresima alikuwa anatuachisha sukari kwenye chai. Basi. Tukitaka kuacha na chai yenyewe anatugombeza. Leo unadhani hatukuwa Wakristo?”

Kisha akasema Jumapili chakula chake cha Pasaka hakitaliwa mchana. Atakitenga Magharibi. Mumewe na watoto wake watakula kitu kidogo wakitoka kanisani, mpaka sisi tufuturu. Nilimkatalia. Akasema ameshaamua na kuku wameshanunuliwa.

Jumamosi watoto wote walikwenda kutafuta mayai kanisani kwa dada. Ni mayai ya plastiki, yamejazwa peremende, yanafichwa kwenye nyasi na chini ya benchi, kisha watoto wanaachiwa kama kuku waliofunguliwa asubuhi. Binti yangu wa miaka mitano alipata kikapu kizima. Kijana alizijaza peremende kwenye kofia ya timu, akaiweka juu ya friji, na Adhuhuri ilipopita akaishusha. Alizila moja baada ya nyingine, mbele yetu wote, bila kujificha. Nilimtazama nikashukuru.

Na Jumapili ile, saa mbili na dakika nne usiku, nyumba ya Waanglikana ikanyamaza kusikiliza adhana kutoka kwenye simu yangu. Shemeji alikuwa amepanga tende kwenye sahani ya udongo. Tulikula muhogo wa nazi kwanza, kisha pilau ya kuku na kachumbari, kisha keki ya Pasaka. Dada alianza kuimba wimbo mmoja wa Pasaka kwa Kibondei, ule ambao mama mkubwa aliuimba akipepeta mchele, na mimi naujua wote kwa sababu nilikulia kwenye uwanja huohuo. Tukauimba. Watoto hawakuelewa neno hata moja.

Jumanne nilifika mapema uwanjani nikamweleza kocha mpango wetu kinagaubaga: mwezi unaisha lini, siku zipi mtoto atakuwa amekula, siku zipi la. Akatoa daftari lake akaandika tarehe. Akasema hata ikitokea mtoto amefunga siku ya mazoezi, aje tu, atakaa naye kujifunza kusoma mchezo, kumtazama mrushaji anavyoshika mpira, jambo ambalo halihitaji kukimbia. Kumbe nafasi hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Nilipogeuka, mama mmoja wa Kipakistani, ambaye mtoto wake anacheza nafasi ya mbali kabisa uwanjani, alinishika mkono. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama wangu naye anafunga. Wake alikuwa anafunga pia. Tulikuwa tumekaa kwenye magari mawili yaliyopakana, wiki tatu, kila mmoja na futari yake kiti cha nyuma, tukifichana. Tangu siku hiyo tulifuturu pamoja kwenye meza ya mbao karibu na uwanja, sambusa zangu na pakora zake, na baadhi ya wazazi wengine wakaanza kuchelewa kuondoka.

Jumamosi tarehe 15 Aprili baba yao alikuwa nyumbani. Siku hiyo kila mwaka wachezaji wote wa ligi kuu ya Marekani wanavaa namba 42, kwa heshima ya Jackie Robinson, mtu mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi hiyo tarehe 15 Aprili 1947. Mtoto aliuliza kwa nini wote wana namba moja. Baba yake akamweleza, polepole, kwamba kabla ya siku ile mtu mwenye rangi yetu hakuruhusiwa kucheza nao, hata awe hodari vipi, na kwamba huyu alitukanwa na umati akaendelea kucheza. Kisha akamweleza habari aliyokuwa ameipata kwa Mganda mmoja, dereva mwenzake, nayo ilimrusha mtoto kutoka kwenye kochi. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walishinda tiketi ya kwenda kwenye mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata wakaenda wengine, kutoka Lugazi, timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale, na wakaifunga timu ya jimbo la Oregon 3 kwa 2. Lugazi ni pale njiani kati ya Kampala na Jinja! Mama yangu alikuwa akiuita mchezo huu mchezo wa Wazungu. Mtoto alitaka apigiwe simu saa hiyohiyo, na huko ilikuwa usiku wa manane.

Mfungo ukaisha. Alifunga siku kumi na nne kamili na kumi na moja za nusu, zote zimeandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya friji, kamili kwa duara na nusu kwa nusu duara. Siku zilizobaki hakufunga, na hakuna aliyemuuliza.

Idi tuliswali kwenye ukumbi mkubwa, maelfu ya watu, maana Columbus ina Wasomali wengi sana. Pale nje, tukisubiri magari, nilisikia mwanamke mzee akimwita mjukuu wake kwa maneno ambayo masikio yangu yaliyatambua kabla ya akili. Alikuwa Msomali wa kabila la Wazigula, yaani Wazigua wa kule, wale ambao mababu zao walichukuliwa kutoka upande wa Handeni karne mbili zilizopita wakauzwa Somalia, wakahifadhi lugha. Kizigua na Kibondei ni ndugu. Nilimsalimia kwa Kibondei. Alinishika mashavu yote mawili akakataa kuniachia. Nilimpa visheti nilivyokuwa navyo mkobani, na mtoto wangu, ndani ya kanzu na kofia ya kiua, akapewa mkono wa Idi na mtu ambaye hatukujua hata jina lake.

Jumamosi ilikuwa ufunguzi. Nilivaa koti juu ya dera la Idi, hina bado mbichi mikononi, nikabeba visheti na kaimati za watoto kumi na mbili. Dada alikuja na familia yake yote. Baba yao alikuwa njiani kurudi kutoka Indiana.

Zamu ya nne mwanangu aliingia kupiga. Kwenye besiboli, mrushaji akirusha mipira minne mibovu, nje ya pale inapopasa, na mpigaji asiichezee, anapewa kituo cha kwanza bure. Lakini inataka moyo, kwa sababu mpira unakuja na mkono wenyewe unataka kuzungusha gongo, na ukizungusha ukakosa unahesabiwa. Mitatu mibovu ilipita. Miwili alikosa. Uwanja mzima ukawa unampigia kelele apige. Wa mwisho ulikuja chini, karibu na vifundo, na nikaona mabega yake yakianza kugeuka, kisha yakasimama. Hakupiga. Mwamuzi akamwonyesha njia. Akaliweka gongo chini taratibu akakimbia kituo cha kwanza, na akiwa pale akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

Walipoteza mechi ile kwa mbali. Garini hakulizungumzia. Alitaka kumpigia bibi.

Nilipiga mimi kwanza, nikatembea hadi pembeni ya maegesho. Nilimtakia mama sikukuu njema. Kisha nikamwambia yaliyotokea tangu ile Alhamisi, bila kuacha kitu, nikamwambia na hesabu: kumi na nne kamili, kumi na moja nusu, nyingine hapana. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kimya.

“Kumi na moja nusu,” mama akasema. “Hizo nyingi. Wewe ukiwa umri wake hukufika huko.”

“Mama, mimi nilikuwa nafunga zote.”

“Ulikuwa unafunga zote.” Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. “Ule muhogo niliokuwa nauacha jikoni kila adhuhuri umefunikwa kwa sahani, kipande kimoja, hauna wa kuula, wewe ulidhani nausahau?”

Nikasimama pale na simu sikioni. Nyuma yangu mtoto alikuwa ameshashuka garini, anarusha mpira juu na kuudaka, anangoja zamu yake ya kuzungumza.